Fedha za Serikali kwa huduma za manusura wa ukatili Kigoma: wapi pa kuingilia, na lini

Asasi nyingi za mkoa huu zinazohudumia waliobakwa, wake waliopigwa na watoto walionyanyaswa huanza kwa kuandika andiko la kurasa thelathini na kulipeleka kwa Mkurugenzi wa halmashauri mwezi Machi. Andiko hupokelewa, hugongwa muhuri, huingia kwenye jalada, na habari yake huishia hapo. Mara nyingi andiko lenyewe halina ubaya. Shida ni kwamba kufikia Machi, bajeti ya mwaka unaofuata imeshapita kwenye Baraza la Madiwani, na fedha isiyo na kifungu hakuna mhasibu atakayeilipa hata kama Mkurugenzi mwenyewe anaitaka.

Ukitafuta mtandaoni jinsi ya kuomba ruzuku ya kuhudumia wahanga wa uhalifu, utakutana zaidi na fomu za Marekani. Kule kuna mfuko ulioanzishwa kwa sheria ya 1984, ambao fedha zake kwa sehemu kubwa zinatokana na faini za waliotiwa hatiani kwenye mahakama za shirikisho. Fedha hugawiwa majimbo, na majimbo hugawia asasi, ambazo kwa kawaida hutakiwa kuchangia asilimia 20 ya gharama za mradi. Kwetu hakuna mfuko wa jumla wa namna hiyo. Fedha ya Serikali kwa manusura imetawanyika kwenye bajeti za halmashauri, za vituo vya afya na za mifuko michache yenye masharti yake. Msinakili fomu za kule. Mnachotakiwa ni kuhakikisha shughuli yenu imo kwenye mpango wa halmashauri kabla ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha fedha ilichopangiwa, haujagawanywa.

Makaratasi kwanza

Cheti cha usajili kiangalieni upya kabla ya jambo lolote. NGO husajiliwa katika ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa, na ngazi hiyo ndiyo mpaka wa eneo lenu la kazi. Asasi iliyosajiliwa ngazi ya wilaya Kasulu ikiandika kwamba itahudumia pia Buhigwe na Kibondo, imejikata yenyewe. Baada ya marekebisho ya 2019 cheti kina ukomo wa miaka 10, na maombi ya kuhuisha yanapelekwa miezi sita kabla hakijaisha. Taarifa ya mwaka na ada vinaonekana kwenye mfumo wa Msajili wa NGO, kwa hiyo hakuna kuficha deni. Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, ambaye ndiye msajili msaidizi, anafungua mfumo na kuliona.

Pamoja na cheti andaeni TIN, akaunti ya benki kwa jina la asasi yenye watia saini wasiopungua wawili, hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi aliyesajiliwa NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi), na barua ya utambulisho ya halmashauri. Kama mnatoa msaada wa kisheria, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inataka usajili wake wa pekee. Cheti cha NGO peke yake hakitoshi. Wasaidizi wenu wa kisheria wanaweza kuelimisha, kuelekeza na kusaidia kuandaa nyaraka, lakini hawasimami mahakamani kumwakilisha mtu, na huduma yao haitozwi hata senti. Mtu akilipishwa "hela ya karatasi" na habari ikamfikia msajili, usajili wenyewe uko hatarini.

Jingine linalosahaulika: kanuni za 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Hata kama fedha hiyo ni ya mfadhili wa nje, halmashauri itaiulizia siku mtakapoomba kufanya kazi nayo.

Idara mbili, bajeti mbili

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Masuala ya manusura kwenye halmashauri yamegawanyika. Idara ya Maendeleo ya Jamii inaratibu MTAKUWWA, yaani Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto. Awamu ya pili inaanzia 2024/25 hadi 2028/29. Afisa Ustawi wa Jamii, ambaye ndiye anayempeleka mtoto hospitali usiku, yuko Idara ya Afya, Ustawi wa Jamii na Lishe. Hizi ni idara mbili zenye wakuu wawili na mafungu mawili.

Elimu kwa jamii, vikao vya kamati za ulinzi wa wanawake na watoto na vikundi vya kiuchumi viombwe Maendeleo ya Jamii. Usafiri wa manusura, chakula, malazi ya dharura, ufuatiliaji wa mtoto aliyehamishiwa kwa familia ya kuaminika na ushauri nasaha viombwe Ustawi wa Jamii, na viandikwe kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, ambao una eneo lake la ustawi wa jamii. Andiko moja lililochanganya yote litazungushwa baina ya ofisi mbili mpaka Juni.

Kuna mlango wa tatu unaodharauliwa: kituo cha afya chenyewe. Tangu 2017/18 vituo vinapokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao na vinaandaa mpango wao, unaopitia kamati ya usimamizi ya kituo. Pazia la chumba cha uchunguzi, kabati la kufungia mafaili, bahasha na vifungashio vya vielelezo, yote hayo hayahitaji Mkurugenzi. Yanahitaji mganga mfawidhi aliyeelewa na kamati iliyokaa. Kwa kituo kama hicho, kabati lenye kufuli lina thamani kuliko warsha ya siku tatu.

Kalenda

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Rudini nyuma kutoka hapo.

Septemba na Oktoba, vijiji na mitaa huibua vipaumbele kwa utaratibu wa fursa na vikwazo, kisha vinakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata. Hapa mnahitaji mtu wenu ndani ya mkutano, na mnahitaji sentensi moja tu iingie kwenye muhtasari: kata imeomba fedha za kuwafikisha manusura hospitali. Muhtasari uliosainiwa na Mtendaji wa Kata utalibeba ombi hilo hadi halmashauri. Bila muhtasari, diwani wenu akisimama kuwatetea ataulizwa hoja hiyo imetoka kikao gani.

Kuelekea Novemba na Desemba, mwongozo wa mpango na bajeti kutoka Hazina unashuka, halmashauri inapewa ukomo, na wataalamu wanaanza kuingiza shughuli kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti za halmashauri. Hiyo ndiyo saa yenyewe. Shughuli ambayo haijaingizwa kwenye mfumo haipo, hata kama kila mtu anaikumbuka. Nendeni kwa afisa husika mkiwa na shughuli iliyokwisha kuandikwa kwa namna anayoweza kuiingiza: lengo, shughuli, idadi, bei ya kila kimoja, jumla, robo ya mwaka. Mkimpelekea kurasa thelathini atawaambia atazisoma, na hatazisoma, kwa kuwa ana shughuli nyingine lukuki za kuingiza wiki hiyo hiyo.

Januari na Februari mapendekezo yanapita Timu ya Menejimenti, kamati za kudumu, kisha Baraza la Madiwani, na baadaye Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Mafungu hukatwa zaidi kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, na ndiyo ya kuiwahi. Mjumbe mmoja aliyeshika karatasi yenu ya ukurasa mmoja anatosha kuzuia fungu lisihamishiwe matengenezo ya gari. Kuanzia Aprili mjadala uko bungeni Dodoma na nyie hamna la kufanya zaidi ya kuhakikisha makaratasi yenu hayajaisha muda.

Mkichelewa yote hayo, ulizeni kuhusu mapitio ya nusu mwaka. Mwezi Januari halmashauri hutazama fungu gani halijatumika na zinaweza kuombwa fedha za kuhamishwa. Ni mlango mwembamba, lakini upo.

Jinsi ya kukokotoa

Ombi linalopita ni lile ambalo mhasibu anaweza kulikagua kwa kikokotoo cha simu. Chukueni tukio moja na mlifuate kuanzia kijijini. Mtoto amebakwa Buhingu, kandokando ya Ziwa Tanganyika, wilaya ya Uvinza. Anatakiwa kufika hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazianzishwi baada ya hapo. Bei zifuatazo ni za mfano tu; wekeni za kwenu.

Boti kwenda na kurudi, mtoto na mlezi: 15,000 × 2 × 2 = 60,000. Bodaboda kutoka mwaloni hadi hospitali na kurudi: 3,000 × 2 = 6,000. Chakula: 8,000 × watu 2 × siku 3 = 48,000. Malazi ya mlezi na mtoto baada ya kuruhusiwa: 15,000 × usiku 2 = 30,000. Nguo ya kubadilisha, kanga na taulo: 20,000. Muda wa maongezi wa mtu anayewasindikiza: 2,000. Jumla 166,000 kwa tukio moja. Kwa matukio 24 kwa mwaka ni 3,984,000.

Mstari wa nguo ndio unaofutwa kwanza na anayepitia bajeti, akidhani ni zawadi. Uandikieni maelezo mafupi pembeni: nguo alizovaa mtoto huchukuliwa kuwa kielelezo, na bila nguo nyingine atarudi nyumbani akiwa amejifunga shuka la hospitali. Mkiandika hivyo haufutwi.

Mafuta ya gari yaandikwe kwa lita, siyo kwa shilingi peke yake. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi, na makadirio ya Desemba hayatalingana na bei ya Agosti. Gharama za shahidi kwenda kutoa ushahidi msiziweke hapa kabla ya kuzungumza na ofisi ya mashtaka ya mkoa. Halmashauri ikiona kazi ya taasisi nyingine kwenye bajeti yake, hukata mstari huo na kuutilia shaka ulio chini yake.

Posho za vikao ziwe kidogo. Ombi ambalo nusu yake ni posho, viburudisho na ukumbi lina sura ya semina, na wajumbe wa kamati wameshaona semina za kutosha. Nyumba salama nayo ni kishawishi. Kila asasi inataka kujenga. Lakini nyumba inahitaji kibali, mlinzi, mpishi, mtaalamu wa ustawi na chakula cha kila siku hata wiki ambayo haina mtu ndani. Kwa halmashauri ndogo kama Kakonko, mtandao wa familia za kuaminika zilizochunguzwa na Afisa Ustawi na kusaidiwa chakula pale tu zinapopokea mtoto, utaishi kwa sehemu ndogo sana ya gharama hiyo. Anzieni hapo.

Takwimu zinazosimama

Mtaulizwa: matukio ni mangapi? Dawati la Jinsia na Watoto la polisi litakuwa na idadi yake, hospitali yake, Ustawi wa Jamii yake, na kamati ya kata yake. Mkijumlisha zote nne, mtoto mmoja amehesabiwa mara nne, na mkaguzi wa ndani ataligundua kabla ya chai. Linganisheni kwa namba ya RB (namba ya taarifa inayoandikishwa polisi) na namba ya faili la hospitali, katika kikao kimoja cha kila robo mwaka chenye madaftari yote mezani. Aliyefika hospitali bila RB ahesabiwe peke yake. Kundi hilo ndilo linaloonyesha watu wangapi wanaogopa kituo cha polisi.

Vipimo vitatu vinatosha. Wangapi walifika kwenye huduma ndani ya saa 72. Mashauri mangapi yalifunguliwa mahakamani. Mangapi yaliondolewa kwa sababu familia "zimeyamaliza nyumbani". Cha tatu kinauma, kwa hiyo asasi nyingi hukificha. Kiwekeni. Ndicho kinachomwonyesha diwani kwa nini fedha ya kuwafuatilia walezi inahitajika baada ya kesi kufunguliwa, mzazi anapoanza kutembelewa usiku na ndugu wa mtuhumiwa wakiwa na ng'ombe au bahasha.

Matukio ya kambi za wakimbizi, kama Nyarugusu, yana mfumo wake, kupitia idara inayohusika na wakimbizi na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Msiyachanganye na ya vijiji jirani, maana idadi itavimba na bajeti ya halmashauri haiwezi kulipa upande wa kambi.

Majina yasionekane kwenye ombi wala kwenye taarifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu, lakini hata bila sheria fikirieni Kalinzi au Kibirizi: ukiandika "msichana wa miaka 11, darasa la tano, amebakwa na baba mdogo", jina halihitajiki tena, kila mtu ameshamjua. Andikeni umri kwa makundi, kata badala ya kijiji, na msitaje undugu pale penye tukio moja tu. Picha za manusura, hata zilizozibwa macho, ziacheni kabisa.

Fungu limepita, fedha haijatoka

Kupitishwa kwa bajeti ni ruhusa tu ya kutumia. Fedha yenyewe ni habari nyingine. Mapato ya ndani hutegemea msimu. Kasulu na Kibondo hutegemea ushuru wa mazao, kwa hiyo mavuno yakitoka akaunti ina uhai. Kandokando ya ziwa hali ni tofauti: mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na mialo ikilala, ushuru wa samaki nao unalala. Pangeni shughuli kubwa kwenye robo ambayo halmashauri yenu huwa na fedha, na mahitaji ya dharura yagawanywe robo zote nne, vinginevyo ya mwaka mzima yataisha Oktoba.

Kumbukeni pia kwamba mara nyingi fedha haitahamia akaunti yenu. Afisa Ustawi atachukua masurufu (fedha anazopewa mapema na kuzitolea hesabu baadaye), atalipa boti na chakula, nyie mtasindikiza. Wengine huona hili ni kunyimwa. Kwa manusura lina faida, kwa sababu afisa huyo anabaki kuwajibika. Kinachoharibu ni marejesho. Masurufu yasiporejeshwa kwa risiti, afisa hapewi mengine, na tukio la wiki ijayo linakosa nauli. Mwenye boti hana mashine ya EFD, ya risiti za kielektroniki, kwa hiyo kubalianeni mapema na mhasibu ni uthibitisho gani atapokea: kwa kawaida karatasi ya malipo yenye jina la mpokeaji, saini au dole gumba, namba ya simu na muhuri wa mtendaji wa kijiji. Chapisheni karatasi hizo hamsini na mziache kwa mtendaji kabla ya tukio lolote.

Mifuko mingine

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) haina riba, lakini ni mkopo. Inafaa kwa kikundi cha manusura waliokwisha tulia na wana biashara inayozunguka, kama mawese au dagaa. Msimwingize mama aliyetoka kupigwa wiki iliyopita. Akishindwa kurejesha, wenzake kwenye kikundi watamgeukia, na mnakuwa mmemwongezea adui.

Mfuko wa Jimbo, uliowekwa na sheria ya 2009, hugharamia miradi ya jamii iliyoibuliwa na wananchi, na kamati yake inaongozwa na mbunge. Unaweza kuombewa saruji na mabati ya chumba cha faragha kituoni, kupitia kijiji au kata. Haufai kwa mishahara wala nauli.

Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 imeweka mfuko wa kuwasaidia wahanga wa kosa hilo, na sekretarieti yake iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kwa mkoa wa mpakani kama huu, ambako vijana huvushwa kutoka Burundi kwenda kufanya kazi mashambani na mabinti wa vijijini hupelekwa mijini kuwa wafanyakazi wa ndani, ni vema kila Afisa Ustawi na askari wa dawati ajue kumtambua mhanga na kulifungua jalada kwa kosa hilo. Jalada likifunguliwa kama "uhamiaji haramu", mhanga anageuka mshtakiwa, na msaada haumfikii.

Mwisho ni fidia ya mahakama, ambayo hailipwi na Serikali bali na aliyetiwa hatiani. Kwenye kosa la kubaka, Kanuni ya Adhabu inataka mahakama iamuru fidia pamoja na kifungo. Hakimu hawezi kukadiria asichokijua, kwa hiyo mpeni mwendesha mashtaka, kabla ya hukumu, bahasha moja yenye risiti za matibabu, nauli, siku za shule alizokosa mtoto kama zilivyoandikwa na mwalimu mkuu, na taarifa ya Afisa Ustawi wa Jamii. Nakala ya pili ibaki kwenye lile kabati lenye kufuli.